Mkono wa Nyumba ya Nakiete

Kosa langu la kwanza kubwa katika kazi hii lilikuwa kumzuia msichana wa miaka kumi na tano asiende kuzoa tope. Nilimzuia kwa nia njema, nikiwa nimevaa reflekta niliyoipiga pasi, na siku hiyo nzima nilitembea kata ya Mamba nikijiona nimemwokoa mtu.

Nawaandikia nyie mnaoanza. Najua mmeambiwa mje kwangu kwa sababu mimi ndiye mstaafu. Nina miaka thelathini na mbili. Mke wangu akisikia neno hilo anacheka mpaka anashika ukuta, maana huku milimani kuna wazee wa miaka themanini ambao hawajastaafu hata kupanda miti. Lakini utumishi wa kujitolea una kipindi chake. Changu kimeisha, reflekta nimeikabidhi, na sasa nalima tangawizi kama watu wengine. Kwa hiyo nivumilieni nijifanye mzee kidogo.

Mimi sikusomea ustawi wa jamii. Nilimaliza kidato cha nne pale Same mjini, hesabu zikanishinda, nikafungua kibanda cha kuchaji simu. Nafasi za wahudumu wa kujitolea zilipotangazwa nikaomba, nikapata, nikapangiwa Mamba. Semina yetu ilikuwa fupi. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma miongozo kwenye simu, nikirudia kila kifungu kama mtu anayesoma dawa ya mgonjwa wake. Nilikuwa na hofu ya kukosea. Sio hofu ndogo. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kupiga hodi. Nasimama nje ya chumba changu cha kupanga, nagonga mlango wangu mwenyewe, natamka: "Hodi wenyewe, habari za hapa, mimi ni mhudumu wa ustawi wa jamii." Siku moja mke wa mwenye nyumba akaitikia kutoka chumba cha pili: "Karibu! Kwani umepoteza ufunguo?"

Nyumba ya kwanza niliyopewa ilikuwa ya Nakiete.

Wazazi wake walishafariki. Aliyewalea yeye na wadogo zake wawili, Elisante na Yona, ni bibi yao, na bibi naye alikuwa amefariki muda mfupi kabla sijafika. Wakabaki watoto watatu, nyumba ya matofali ya kuchoma, mbuzi mmoja mkorofi, na shamba la tangawizi lililoshuka mteremko nyuma ya jiko. Shangazi yao wa Same mjini alikubali kumchukua mmoja tu. Afisa ustawi wetu, mama mmoja mkavu wa maneno lakini mwenye moyo, alinipa maelekezo nikiwa bado sijaketi vizuri.

"Sikiliza, kijana. Sitaki kuwagawa hawa. Jirani yao, Mama Mchome, amekubali kuwa mlezi, analala kwao. Lakini yeye mwenyewe ni mzee, hawezi kuwalisha. Lile shamba ndilo litawalisha. Tangawizi ikikomaa, wanabaki pamoja. Ikifa, Nakiete anakwenda kwa shangazi na wale wadogo wanakwenda makao ya watoto. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Sikuwa nimeelewa. Nilielewa neno shamba. Sikuelewa shamba la huku linaishi kwa nini.

Mama Mchome alikuwa muuguzi msaidizi mstaafu wa hospitali ya Gonja, mstaafu wa kweli huyo, mwenye goti bovu na macho yanayoona mpaka kilichomo mfukoni mwako. Kabla yangu yeye ndiye aliyekuwa akitembelea nyumba za kitongoji kile, bila reflekta na bila posho. Kila nilichokuja kukijua baadaye kimepitia kwake, kwa kawaida kikiwa kimefungwa ndani ya kejeli.

Sasa siku ya kosa. Ilikuwa asubuhi ya Alhamisi. Napandisha kwenda kwa Nakiete, namkuta anatoka, jembe begani, gauni limekunjwa kiunoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Unakwenda wapi na jembe saa za shule?"

"Msaragambo. Pembe imelia."

Nyie wa tambarare huenda hamjui. Msaragambo ni kazi ya pamoja ya kijiji. Pembe inapulizwa, kila nyumba inatoa mtu mmoja. Siku hizi pembe ikishalia na ujumbe unaingia kwenye kundi la simu, lakini ni wito uleule. Mimi wakati huo nililisikia neno kama jina la ngoma.

"Nakiete, hiyo ni kazi ya watu wazima. Mtoto mahali pake ni shuleni."

"Nyumba yetu haina mtu mzima wa kwenda."

"Ndiyo maana nipo mimi. Weka jembe, vaa sare."

"Na maji?"

"Maji yatakuja."

Akanitazama kama unavyomtazama mtu anayevuka barabara bila kuangalia. "Yatakuja na nani, kaka?"

Nilikuwa na kifungu cha miongozo kichwani na hakikuwa na swali hilo. Nikasimama pale mpaka akavaa sare, nikamsindikiza hadi njia ya shule. Kisha nikaenda kumsimulia Mama Mchome, aliyekuwa ameketi uani anapukuchua maharage.

"Umemwambia asiende?"

"Mama, ni sheria. Mtoto hatakiwi..."

"Sheria naijua, nimeijua kabla hujazaliwa. Nakuuliza amekwenda nani badala yake."

"Hakuna aliyekwenda."

Akaacha kupukuchua. "Basi umemfukuza shule."

"Mama Mchome, nimempeleka shule! Nimemwona kwa macho yangu anaingia!"

"Leo umempeleka. Mwezi ujao atakuwa mjini anaosha vyombo vya shangazi yake, na Yona atakuwa analia kwenye kitanda cha makao. Kaa chini nikuambie, na hiyo nguo yako ya trafiki ivue, inanitia jua machoni."

Nikakaa chini. Akaniambia habari za ndiva.

Ndiva ni bwawa la asili lililochimbwa na mababu juu ya mashamba. Maji ya kijito yanakusanywa humo, asubuhi kizibo kinafunguliwa, maji yanashuka kwenye mfereji, na kila nyumba ina zamu yake. Tangawizi inakunywa kwa zamu hiyo. Lakini ndiva inajaa tope, na tope linazolewa kwa msaragambo. Nyumba isiyotoa mtu haipigwi wala haitukanwi. Inakosa zamu tu. Zamu inakwenda kwa nyumba nyingine iliyotoa mtu. Hakuna kikao, hakuna rufaa, na ninyi mnajua sisi Wapare tunavyopenda kesi. Jambo likikosa rufaa kwetu, ujue ni zito.

Nilidhani Mama Mchome anatia chumvi. Wiki ile ile mfereji wa Nakiete ulikauka. Maji yalipita mbele ya shamba lao, yakaendelea kwa jirani, yakimwagika kwa sauti nzuri kabisa. Siku zilivyozidi kwenda majani ya tangawizi yakaanza kujikunja kingoni, kisha yakaingia njano. Nakiete akawa anachota kwa ndoo baada ya shule, akimwagilia shina kwa shina, na asubuhi anasinzia darasani. Mimi nilimzuia kazi ya asubuhi moja, nikampa kazi ya kila siku.

Hapa niwaambie kitu kuhusu watu wenye hofu ya kukosea kama mimi. Tukikosea, hatutengenezi kosa. Tunasoma zaidi. Nilirudi kwenye miongozo nikatafuta neno bwawa. Halipo.

Na si huko Mamba tu nilikoharibu. Miezi ile ile nilitumwa kata ya Kisiwani, chini tambarare, kwenye boma la wafugaji, kwa habari ya mtoto aliyeacha shule akachunga. Nikafika na pikipiki, nikasalimia, nikatoa swali langu la kwanza kama nilivyolikariri: "Mama, una watoto wangapi?"

Yule mama akanitazama juu hadi chini. "Kwani unanunua?"

Wanawake wenzake wakaangua kicheko, mimi nikalowa jasho. Kumbe kwao watoto hawahesabiwi, wala ng'ombe, si mbele ya mgeni. Mama mkwe wake akanihurumia: "Uliza wanaendeleaje." Nikauliza. Yule mama akaanza kutaja mmoja mmoja kwa jina, nani anakohoa, nani ameota jino, nani anamkataa mwalimu na kwa nini. Nilipata idadi na mengine yote ambayo fomu haina nafasi yake. Shikeni hilo: ukitaka kujua idadi, uliza majina. Na kabla ya majina, uliza habari za mifugo.

Niliporudi mlimani nilikuwa na wazo. Kama kule kilichonisaidia ni kuacha swali langu na kusikiliza la kwao, basi na huku nimfuate mwenye ndiva mwenyewe. Nikamwendea Mzee Kajiru, msimamizi wa maji. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya sufu isiyotoka kichwani hata jua likiwaka. Msaragambo mwingine ulikuwa umeitishwa, na nilimkuta pale juu, kwenye ukingo wa ndiva, watu wameshajipanga na majembe na machepe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa reflekta."

"Ndiye mimi. Nimekuja kuhusu nyumba ya watoto wa marehemu bibi..."

Sikumaliza. Mama mmoja mwenye beseni kichwani akapaza sauti: "Karani amekuja! Leo tope litaandikwa!"

"Mpeni kalamu yake azolee!" akadakia mwingine.

Mzee Kajiru akainua mkono, wakatulia, ingawa wengine walibaki wanacheka kwa mabega. "Sema, kijana."

Nikasema yote. Kwamba mimi ndiye niliyemzuia mtoto, kosa ni langu na si la nyumba. Kwamba wasipopata maji, watoto watagawanywa. Mzee Kajiru alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo lilinitisha zaidi.

"Sikuwanyang'anya wale watoto maji," akasema. "Bibi yao alikuwa rafiki yangu. Lakini hapa kila nyumba ina msiba wake. Nikiachia moja kwa sababu, kesho zote zina sababu, na ndiva inakuwa shamba la matete. Nyumba ilete mkono, ipate maji. Ni hivyo tu."

"Basi mimi ndio mkono. Nipeni chepe."

Kicheko kilichopigwa pale, nadhani kilisikika Gonja. Ila Mzee Kajiru hakucheka.

"Mkono wa nyumba ni mtu anayekula chungu cha nyumba hiyo. Awe mwana, awe mkwe, awe kibarua wa kulala. Zamani wenye uwezo walikuwa wanaokota mtu njiani anawazolea, wao wamelala. Tukakataa. Umewahi kula kwa Nakiete?"

Nikaanza kurekebisha zipu ya reflekta.

"Nimekuuliza, umewahi kula?"

"Hapana, mzee."

"Hata chai?"

"Hata chai. Miongozo hairuhusu kupokea kitu kwa familia."

"Miezi yote hii unapanda na kushuka, hujawahi kula kwao?" Sasa hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Mama wa beseni akasema taratibu, kama anaongea na mwanawe: "Baba, sisi tulishajiuliza. Tulidhani unawaona wachafu."

Ni kweli kwamba nilikuwa sili. Kila Nakiete aliponikaribisha makande nilishukuru na kusema nimeshiba. Nilibeba biskuti kwenye mkoba, nikishuka kwenye kona ya njia nakula nimejificha nyuma ya migomba. Niliona ndio uadilifu. Nilijipongeza, hata.

"Mama Mchome je?" nikauliza. "Yeye anakula kwao."

"Mama Mchome nyumba yake ina mkono, ni mwanawe yule pale. Na goti lake mnalijua. Nenda kijana. Ukishakula, njoo."

Nikashuka mlima kwenda kumpigia simu afisa ustawi. Mtandao wa kule unashika ukisimama juu ya jiwe moja tu, kwa hiyo nilikuwa nimesimama juu ya jiwe, naomba ruhusa ya kula maharage.

"Unaniuliza nini?" akasema.

"Naomba kibali, mama. Kifungu kinasema mhudumu asipokee chochote kutoka kwa..."

"Hivi unadhani kifungu kile kiliandikwa kwa ajili ya makande? Kiliandikwa kwa ajili ya watu wanaoondoka na kuku! Kula, bwana. Peleka na unga, usiwamalizie chakula. Ukimaliza kazoe hilo tope. Na usinipigie tena habari za makande, niko kikaoni."

Nikanunua unga, mafuta na chumvi dukani, nikaenda. Nakiete alikuwa ametoka shule, anapepeta mahindi uani. Nilikuwa nimejiandalia sentensi nzuri, na ilipofika wakati wake ikanipotea yote.

"Nakiete, nina njaa."

Akasimamisha ungo. Yona, mdogo wao wa mwisho, ndiye aliyejibu: "Si huwa umeshiba?"

"Huwa nadanganya."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa naogopa kukosea."

Akafikiri. "Sasa ukila unakosea nini?"

Nakiete akamfukuza akachote maji ya kunawa, lakini niliona anacheka. Tulikula makande, sahani moja kubwa, sisi wanne na Mama Mchome. Nikiwa pale chini, mkono mmoja na mikono yao, niliona mambo ambayo ziara zangu zote za kuketi kwenye kiti hazikunionyesha. Nakiete alikuwa anakula polepole ili wadogo zake watangulie kushiba. Elisante alikuwa anatafuna upande mmoja, jino limeoza. Yona kila tonge alikuwa anamtazama dada yake kwanza. Wadogo zangu mnaoanza, nyumba inasema ukweli wake ikiwa inakula. Mkiitazama mkiwa mmesimama na kalamu, inajipanga kama ya kupigwa picha.

Nikaendelea kula kwao, siku hiyo na zilizofuata, kila mara na unga wangu. Pembe ilipolia tena, nilikuwa nimeshavaa mabuti.

Sitawadanganya kwamba nilizoa vizuri. Ndiva ikishafunguliwa maji yakaisha, kinachobaki ni tope zito la rangi ya chai ya maziwa, linalokushika mpaka mapajani na halina mpango wa kukuachia. Watu wanasimama mstari, beseni linapokewa kutoka mkono hadi mkono mpaka ukingoni. Beseni la kwanza nililimwaga kwenye miguu ya mwenzangu. La pili likanivuta nikakaa. Halafu ugonjwa wangu ukanishika: nikaanza kusawazisha ukingo wa tope kwa kiganja, uwe laini.

"Jamani, anapiga pasi na tope!" Mama wa beseni aliniona.

"Mwacheni, ndoa yake itadumu!"

Lakini ugonjwa huo huo ndio uliosaidia. Kwa kuwa nilikuwa nasawazisha taratibu wakati wenzangu wanazoa haraka, kiganja changu kilipita kwenye shimo jembamba karibu na kizibo, chini kabisa, mahali ambapo maji yalikuwa yanavuja kimyakimya. Nikamwita Mzee Kajiru. Akashuka mwenyewe, kofia yake ya sufu kichwani, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akaagiza udongo mfinyanzi na majani ya migomba, tukaziba pamoja, yeye akikandamiza, mimi nikilainisha. Hakusema asante. Alisema, "Wewe utakuwa unakaa upande huu."

Kazi ilipoisha, watu wakakaa kwenye majani, Mzee Kajiru akasimama kugawa zamu. Anaita nyumba kwa jina la mwenye nyumba, nyumba inaitika. Kwa miezi mingi ile yetu alikuwa anaiita nyumba ya marehemu, kisha anairuka. Nilikuwa nimekaa na tope linakauka usoni, nasubiri kama mtu anayesomewa matokeo ya mtihani.

Akaita huyu, akaita yule. Kisha akasema, kwa sauti ile ile:

"Nyumba ya Nakiete."

Watu wakageuka. Nikaanza kuinuka.

"Nyumba ya Nakiete! Mkono nani?"

"Mimi, mzee! Mimi hapa!"

"Tunajua ni wewe, usipige kelele. Zamu yenu ni mchana, shule ikishatoka. Mtoto akikosa somo kwa ajili ya maji yangu, nitakuja kukuuliza wewe."

Mama wa beseni akapiga kigelegele. Kimoja tu, kifupi, kisha akajifanya anakohoa.

Siku ya zamu nilifika mapema. Nakiete alishuka kutoka shule akikimbia, akatupa mkoba mlangoni, akakunja sketi ya sare na kushika jembe. Kwanza tulisikia tu. Mlio mdogo, kama mtu anasogeza makaratasi. Kisha maji yakatokea kwenye kona ya mfereji, yamebeba majani makavu na povu, yakafika mbele ya shamba lao, na safari hii hayakupita. Nakiete alikata kingo kwa jembe mara moja, maji yakageuka, yakaingia ndani. Elisante na Yona walikuwa wanakimbia mbele yake kwenye matuta, wanayaelekeza kwa miguu, wanapiga mayowe kama timu yao imefunga bao. Nakiete hakupiga mayowe. Alikuwa anayaongoza tuta kwa tuta, uso umekaza, mpaka tuta la mwisho lilipolowa. Hapo akaegemea jembe, akafuta uso kwa mkono wenye udongo, akaniambia:

"Haya, kaka. Yamekuja."

Mimi nilikuwa nalia. Nilijifanya ni jasho, Mama Mchome akasema jasho langu linatoka mahali pa ajabu.

Majani mengine yalishakufa na hayakurudi. Mengi yalirudi. Kijani kilianza chini, kikapanda, na shamba likafunga majani mpaka udongo ukafichika. Nakiete hakuchota tena ndoo, akaacha kusinzia darasani. Kila pembe ilipolia nilikwenda mimi, upande wangu wa kizibo, na wale walionicheka wakaanza kunitunzia beseni.

Tangawizi ilipokomaa afisa ustawi alipanda mwenyewe. Aliwakuta uani wanaosha vipande, Yona ndani ya karai, akivisugua kwa miguu. Akazunguka shamba, akaangalia chungu, akaangalia madaftari ya shule, akamuuliza Mama Mchome habari za usiku na za homa. Nilimfuata nyuma hatua kwa hatua, maana sikujua kama yote yale yanatosha.

Akarudi uani. "Nakiete, shangazi yako nitamwambia akusaidie ada, si nafasi ya kulala. Mnabaki hapa."

"Wote?"

"Wote."

Nakiete akainamia karai, akaendelea kusugua kipande kile kile kimoja muda mrefu, kikawa cheupe. Elisante akauliza kama hiyo ina maana mbuzi naye anabaki. Afisa akasema mbuzi tutamfikiria.

Mnaoanza, najua mnataka niwape kanuni. Nina chache tu, na hazikutoka kwenye simu. Ingia nyumbani kwa mtu saa anayofanya kazi, na ushike kazi hiyo. Usimkataze mtoto mzigo kabla hujajua mzigo huo ukiwekwa chini utamwangukia nani. Ukishajua, ubebe wewe au mtafute mtu mzima wa kuubeba. Nunua mabuti kabla ya reflekta. Kula unapokaribishwa, na ufike na unga. Ukikosea, nenda kwa uliyemkosea kabla hujafungua miongozo. Na kama wewe ni kama mimi, unayerudi nyumbani na kujirudia kila neno ulilosema mchana kutwa, usijaribu kuacha kuwa hivyo. Itafutie kazi hofu yako. Yangu niliipeleka kwenye kizibo.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba Mzee Kajiru hakuishia kwenye nyumba moja. Msimu uliofuata, mama mmoja wa bonde la pili alilazwa muda mrefu, watoto wakabaki peke yao, na kabla hata sijapata habari, Mama wa beseni alikuwa ameshakwenda kula kwao na kusimama kwenye tope kwa jina lao, na Mzee Kajiru ameshamkubali. Nilifika na jembe langu nikakuta nafasi imejaa. Kwa mara ya kwanza katika kazi hii nilirudi nyumbani sina la kufanya, na nilishuka mlima ule nikipiga mluzi.

Kilichobadilika tangu wakati ule ni hiki. Kwenye ndiva yetu, nyumba yenye watoto wasio na mtu mzima haikosi tena zamu ya maji. Majirani wanapokezana kuwa mkono wake, wanakula kwanza kwenye chungu chake, na watoto wanakuwa shuleni. Nakiete sasa ni mtu mzima, na pembe ikilia anakwenda mwenyewe.